Lori la Kaka Lisilotoa Moshi

Mama, shikamoo. Huku Masumbwe kwa kaka Juma ni vumbi na vituko. Amefunga chujio la moshi kwenye lori lake la mawe ya mgodini, kwa hiari yake, kwa kuwa mwanawe anakohoa. Dereva wake, Mzee Masanja, akagoma.

"Gari lisilotoa moshi halina nguvu," alisema.

Kaka akavua ile kanzu uliyomshonea, akaitandaza mbele ya bomba la moshi, akamwambia akanyage mafuta. Usiogope, ilibaki nyeupe, na injini ikanguruma kwa nguvu zilezile. Mzee akaikagua, akainusa, akafikiri sana.

"Bosi," akauliza taratibu, "chujio hili, kwenye jiko la mke wangu linafungika?"

Kesho yake akapakia mawe, akaondoka. Mungu akutunze, Mama. Nimezikumbuka hata kelele zako.

Mwanao, Zuhura