Maneno Yaliyogeuka Bluu

Awendo, Jumanne, 1998

Ni mimi niliyeharibu programu tunayoandikia amri za kompyuta hapa chuoni, si mwanafunzi mwenzangu Akinyi. Sijamwambia mtu.

Nilitaka maneno ya amri yajigeuze bluu yenyewe, tuone makosa upesi. Yaligeuka. Lakini sasa kila ukibonyeza herufi, kishale cha kuandikia kinaruka hadi mwisho wa ukurasa.

Asubuhi mwalimu alimkuta Akinyi kwenye kompyuta yenye programu hiyo. "Kumbe wewe ndiye fundi uliyeiharibu! Chukua mkoba wako, nenda nyumbani. Kozi yako imekwisha."

Nikambebea mkoba.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Malori ya miwa yalipita. Sikuhisi chochote, hata aibu.

"Asante, nyamera, dada yangu," akasema. "Wewe tu ndiye uliyeniamini."

Ukiyasoma haya, tafadhali usimwambie Akinyi.