Upande Wangu wa Leso ya Mama

Dada Mwanamisi,

Shikamoo. Nimefika Likoni kwa shangazi salama. Jua kali, samaki wa kupaka kila mchana, na sina la kulalamikia isipokuwa jirani yake, Bi Rukia.

Jana alinikuta nimejifunga kichwani ile leso ya marehemu mama, upande wangu. Akaifungua bila kuniuliza. Akaikunja pembe tatu, akaikaza kisogoni: hivyo ni kwa gauni, kwendea sokoni. Akanitanda kichwani mpaka mabegani, juu ya blauzi: hivyo ni kwa feri, upepo usikuchezee. Akanifunga kiunoni juu ya sketi: hivyo ni kwa jikoni. Zile korosho nyekundu zilizochapwa juu yake zilipendeza kote, nakiri.

"Na kwa arusini?" nikauliza, maana bintiye anaolewa Ijumaa ijayo.

"Arusini huvaliwa mbili, mwanangu. Mwenziwe yuko wapi?"

Nikamwambia mama aliiacha jozi haijakatwa, tukaikata siku ya arubaini yake, tukagawana kwa maneno makali, na tangu hapo hatusemezani. Bi Rukia akaikunja taratibu, akanirudishia.

"Basi iweke. Hiyo haijawa nguo."

Sikuandikii kukuomba radhi. Wewe ndiwe uliyeshika mkasi. Nautaka tu ule upande wako kwa Ijumaa. Waweza kuutuma kwa posta. Ila nimeulizia, na kuja nao mwenyewe kwa basi ni upesi zaidi.

Kitanda nilichopewa ni kipana.

Nduguyo,
Mwanaidi