Siku Watani Waliponyamaza

Mume wangu mdogo,

Marahaba, mjukuu wangu. Usione wivu: tangu nifunge ndoa na Mzee Yakobo naamka nikicheka kama msichana. Jana kaniletea asali kutoka Mkiwa, akanilambisha mwenyewe! Mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeuliza mtu atajuaje mapema kwamba majirani wanaelekea kuangamizana.

Enzi za Mwingereza, nikiwa likizo kutoka sekondari, mvua ilikosekana. Vijana wetu wakadai ukoo wa watani wetu ndio ulioifunga. Tulipomzika baba mdogo, watani, ambao kazi yao msibani ni kuruka kaburini na kufanya mzaha mpaka wapewe kitu, walikuja lakini wakasimama mbali.

"Fisi wamefuata mzoga," kijana wetu mmoja alisema.

Fisi tuliwaita siku zote, nao walitujibu kwa matusi makubwa zaidi, tukacheka wote. Siku ile walinyamaza. Vijana wetu wakashika fimbo. Hapo niliogopa.

Mjane akawafuata. "Mbona kaburi liko tupu? Mnaogopa, au mmesahau kazi yenu?"

Bibi mmoja wa watani akajitupa kaburini. "Sitoki bila jogoo! Marehemu alikuwa mchoyo, nanyi mmerithi!"

Yule kijana ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Akaitupa fimbo, akaenda kumkimbiza jogoo.

Basi mpenzi, usihesabu matusi. Sikiliza kama anayetukanwa bado anathubutu kujibu. Ukiona amenyamaza, mfuate siku hiyohiyo, umchokoze mbele za watu mpaka akujibu. Inawezekana, nimeona kwa macho yangu.

Wako,
bibi harusi mzee kuliko wote Singida