Ndege Tatu za Shina la Mbuni

Babu, mume mwenzangu,

Kaa vizuri huko uliko nikupe habari. Kuanzia Tunduma mpaka ng'ambo huko Zambia, hakuna fundi wa ndege kunizidi mimi. Hakuna! Marubani wangejua nipo, wangetua hapa hapa kwenye foleni ya malori, wapange mstari, waniamkie. Na wengine ningewaambia warudi kesho.

Najua unacheka. Ulikuwa unasema mtoto aliyekimbia shule kidato cha pili asipige kelele. Sasa wewe uliishia darasa la nne, kwa hiyo tunaelewana.

Mke wetu, Bibi, hajambo. Nimemwambia sasa amebaki na mume mmoja tu, tena kijana, mwenye meno yote. Akanijibu, "Mume gani hajui hata kupasua kuni?" Ananipenda tu huyo. Ila macho, Babu. Ule utando wa jicho la kulia umehamia na la kushoto. Siku hizi anamjua mtu kwa anavyokanyaga. Kahawa tumevuna bila wewe. Kiti chako hakikaliwi. Kuku akikipanda anafukuzwa kama mwizi.

Mimi niko gereji bado, napaka rangi malori. Matanga yalipokwisha nilipanda dari la jikoni kule nyumbani kijijini Ruanda kuzitafuta ndege zangu za utotoni. Si unazikumbuka? Ulizichonga kwa mashina ya mibuni uliyong'oa, mabawa mbao za boksi, matairi soli za kandambili, pangaboi bati la kopo. Ya kwanza haina mkia, ndiyo ile niliyoruka nayo kutoka juu ya banda nikienda Lusaka. Ukaniokota, ukasema, "Rubani, Lusaka ni kule. Hapa umetua kwenye mavi ya ng'ombe." Ya pili, mchwa wamekula bawa. Ya tatu sikuikuta. Bibi alishaishusha, kaiweka kichwani pa kitanda chake. Nzima, ila nyeusi tii kwa moshi.

Nikajiapiza: siku ya kujengea kaburi lako, ukoo ukijaa uwanjani, zote tatu ziwe mezani zinang'aa. Na Bibi aone, hata kama ni kwa mikono.

Kazi niliyofanya, mzee! Mkia nimeuchonga kwa shina la mbuni, sikutaka mbao ya dukani. Wa kwanza ukapasuka. Nikasikia sauti yako kabisa: "Mkono wako una haraka kama mtu aliyebanwa na mkojo." Nikapunguza mwendo. Bawa nikaliunga kwa gundi na vimisumari vya fundi viatu. Matairi nikakata kandambili zangu mwenyewe, nikarudi geto peku. Dereva mmoja wa Zambia akasimama, "Iwe, wewe, niuzie hiyo." Nikamwambia hata aniachie lori na mzigo wake, sitaki.

Hizo mbili ungezikubali. Ungetafuta kasoro weee, mwisho ungekohoa tu.

Ya tatu niliichukua kimya kimya Bibi akiwa kanisani. Wewe msasa hukutaka hata kuuona. "Msasa ni wa asiyejua kisu. Kisu kikisema basi, na wewe sema basi." Lakini mimi mtu wa gereji, Babu. Kwetu rangi haipakwi juu ya moshi. Nikapiga msasa. Tumboni kulikuwa na yale mawimbi mawimbi ya kisu chako cha mkono wa kushoto. Nikayalaza yote, kukawa laini kama yai. Nikapuliza rangi ya fedha, nikavuta mstari mwekundu.

Siku ikafika. Watu wakashangilia, shangazi akapiga kigelegele. Nikamwekea mke wetu ile ya tatu mikononi. Akaipapasa tumboni kwa kidole gumba, mbele, nyuma, polepole. Kila jioni kabla ya sala nilikuwa namwona akifanya hivyo, nikajua anafuta vumbi. Akarudia tena. Kisha akasema, "Hii nzuri, mume wangu. Na ile ya babu yako umeiweka wapi?"

Mdomo wangu huu unaoujua, ukasema iko gereji.

Tangu hapo kila nikienda ananiuliza. Hagombi. Anauliza tu, huku kidole gumba kikisugua blanketi.

Basi lala salama, mume mwenzangu. Kuni nitapasua, na kiti chako nitakilinda na kuku. Jumapili nakwenda Ruanda, na nakuahidi nitamwambia kabla hajaniuliza, hata akinipa talaka. Gereji hakuna ndege. Ile aliyoishika ndiyo yenyewe. Haikuwa na ubovu wowote, Babu. Nilikufuta mimi.

Mjukuu wako.