Mama, Chumvi Imeingia Mtoni

Mama,

Tangu tukuzike sijakusemesha, hata pale kaburini. Watu walikuwa wengi, nikaona haya. Leo niko Mudzipela, nimekuja kuchukua vitu vyangu vya shule kwa sababu nimeacha masomo. Kesho narudi nyumbani bondeni. Kuna jambo nataka kulifanya, na nataka wewe ulisikie kwanza.

Maharage yetu yanakufa. Majani yanaungua pembeni, yanajikunja, yanaanguka. Asubuhi udongo ni mweupe kama mtu amemwaga unga. Tunamwagilia maji ya mto kama zamani, lakini mto wenyewe una chumvi sasa. Nimeonja.

Unajua inatoka wapi. Siku ya matanga Shangazi alikigeuza chungu chako kifudifudi juu ya mafiga, akasema pale pako kwenye chemchemi ya chumvi hapaguswi mpaka matanga yaishe. Ndiyo desturi ya ukoo wa Baba, na wote waliifuata kwa kukuheshimu. Basi hakuna tena anayechota maji yale kupika chumvi. Mashimo uliyokusanyia maji hayo yamejaa tope, nayo yanashuka moja kwa moja mpaka mtoni.

Wenye mashamba ya juu nao wanaumia. Kwenye salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wamepanua mifereji, wanafurikisha mashamba ili kuosha udongo. Maji hayo yanarudi mtoni na chumvi yote, halafu yanatufikia sisi. Mama Lotsove, uliyekuwa unapika naye, amehamia Mambasa na watoto wake. Alishindwa hata kuaga, alikuwa analia.

Baba anasema: "Tungoje mavuno, tupikie watu, ndipo tuondoe matanga." Mavuno gani, Mama? Bila maharage hakuna karamu. Bila karamu matanga hayaishi, na chemchemi inaendelea kumwagika. Nilimwambia Shangazi hivyo. Akaniuliza: "Weye mutoto, unataka mama yako akufe mara mbili?" Baba alitazama chini.

Nakumbuka ulivyonicheka sokoni: "Muone huyu, anauza chumvi na sauti ya panya! Watu watafikiri ameiiba." Nakumbuka vidole vyako vilivyopasuka, na ukoko wa chumvi ya moto ulionipa nilambe. Hukuwahi kunifundisha namna ya kujua kama imeiva. Nilidhani wakati bado upo.

Jumapili, watu wakitoka misa, nitapita mbele yao na jembe. Nitazibua mashimo yako na kuyaelekeza maji huko. Yatakayozidi nitayachimbia mfereji mpaka kwenye ile tambarare kavu ambako ng'ombe hulamba udongo, yakaukie huko kwa jua. Kisha nitakigeuza chungu chako, niwashe moto. Sijui kama shamba litapona. Agronomu, yule mtaalamu wa kilimo, alisema labda mvua nyingi zipite kwanza. Mwaka huu tumeshaupoteza.

Kama huku ni kukukosea, unikasirikie mimi peke yangu. Baba hajui.

Kwaheri, Mama. Nilitaka kukuambia neno hilo ukiwa bado unasikia, nikachelewa. Nakuahidi, hata Shangazi akinifukuza nyumbani, nitalala kando ya chemchemi ile, na maji yake hayatafika mtoni nikiwa mzima.

Binti yako