Swali la Tisa

Jumatatu, 13 Januari 1986

Yunifomu kumi na mbili leo, zote za watoto wa shule ya Ayany. Cherehani inakata uzi. Treni ya mizigo ilipita, kibanda kikatetemeka, nikafikiria ndege. Siku hizi kila kitu kinanifanya nifikirie ndege.

Wiki sita zimebaki nisafiri. Papua Nyugini. Nimeitafuta kwenye atlasi ya mtoto wa jirani. Kati ya hapa na huko ni bahari tupu. Nitafundisha wanawake kushona na kuwasomea Neno. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama kanisani nikasema niko tayari, na siku ile nilisema kweli. Uoga ulianza kesho yake.

Jumatano, 15 Januari

Mchungaji amenipa fomu ya misheni. Kurasa nne. Magonjwa, meno, jina la baba. Swali la tisa: nikifia kazini nitazikwa huko huko, mwili hautarudishwa. Niweke sahihi, na mzazi wangu naye aweke. Alilisoma haraka kama anasoma matangazo ya harambee. Kisha akauliza kama nimepata sanduku.

Kwetu Bunyore mtu hujua mapema atalala wapi. Lakini mimi nina miaka thelathini na tatu na sijaolewa. Binti wa namna hiyo hazikwi ndani ya boma. Hupitishwa nyuma, nje ya ua, asubuhi mapema, bila watu wengi. Shangazi Dorika tulimzika hivyo. Basi kwetu sina mahali, na Papua nitapewa mahali nisipopataka. Nilikaa na fomu mapajani mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 17 Januari

Nimemtumia baba fomu kwa kondakta wa basi la Luanda, kule kwetu Bunyore.

Baba atakataa. Kaka yangu Timona alipotaka kuingia jeshi, baba alikataa kwa neno moja, na hadi leo Timona anachomelea madirisha Kawangware. Nami nikikataliwa, nani atanilaumu? Nitasema nilitaka, mzee hakutaka. Watanionea huruma. Barua niliyoambatanisha ni fupi, sikumwomba akubali. Swali la tisa nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu ili atakayemsomea asiliruke.

Niandike ukweli hapa. Mimi ni mwoga, na nimempa baba yangu kazi ya kunifichia uoga.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani Kawangware wameniita mbele. Mama Wambui, mwenye ploti tuliyopanga kama kanisa, amenipa blanketi zito. Watu wakapiga makofi. Nje, vijana wa kwaya wakanizunguka. "Sista, ati unapanda ndege? Na ikizima huko juu?" Timona akawajibu kwa majigambo: "Huyu sista yangu haogopi kitu. Muulizeni."

Nilicheka nao. Nikarudi Kibera kwa miguu, nikatapika kando ya reli.

Jumatano, 22 Januari

Hakuna jibu. Sindano ya homa ya manjano mjini, mkono umevimba. Nimeunguza kola mbili kwa pasi. Mteja amenitukana na alikuwa na haki.

Ijumaa, 24 Januari

Hakuna jibu bado. Nafurahi.

Jumamosi, 25 Januari

Baba amekuja mwenyewe. Miaka saba hajakanyaga Nairobi. Nilimkuta chumbani kwa Timona, amevua viatu, anakunywa uji. Akaitoa fomu ndani ya Biblia. Alama ya kidole gumba chake ipo, wino wa bluu, chini ya swali la tisa. Nikakaa kitandani.

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Alimtuma Timona dukani, akangoja mlango ufungwe, ndipo akasema: "Mama, ule mstari mwekundu uliuweka ili nikatae."

Niliichukua fomu nikaikunja.

"Timona alikuja akaniomba, nikamkatalia. Wewe hukuniomba kitu. Kama unaogopa, sema mwenyewe unaogopa. Mimi sitakusemea."

Nililia vibaya. Nikamwambia yote: ndege, homa, lugha, kufa katikati ya watu wasiojua hata babu yangu ni nani. Akasema na yeye anaogopa, tangu barua ifike hajamaliza sahani ya chakula. Sijawahi kumsikia baba akisema anaogopa. Hilo lilinitisha kuliko ndege.

Kisha akaniambia ameshawaonyesha ndugu zake mahali pangu. Ndani ya boma, kando ya kaburi la mama yake. Mmoja alipinga, akasema binti hajawahi kulazwa pale. Baba akamwambia boma ni lake. Nikifia huko watazika shina la mgomba pale, kama tunavyomzikia mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Baba ni mzee wa kanisa. Sikumuuliza mchungaji wake atasemaje. "Na ukirudi," akasema, "mahali ni pako vilevile."

Nimepewa kaburi na nimefurahi. 

Jumapili, 26 Januari

Baada ya ibada mchungaji aliulizia fomu. Baba alikuwa kando yangu. Nikamwambia mchungaji sijaweka sahihi kwa sababu naogopa. Maneno yalitoka madogo, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Alivua miwani, akaifuta. Akasema basi niache, hakuna atakayenifukuza kanisani, na angependa ningemwambia mapema. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Siku tisa nimemtesa mzee wa watu bure.

Nilimtazama baba. Alikuwa akitazama viatu vyake. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenishika. Nikaomba kalamu. Siwezi kueleza kwa nini, hata hapa ambapo hakuna anayesoma. Uoga haukuondoka, nilitia sahihi nao. Herufi zimepinda.

Jumatatu, 27 Januari

Baba amesafiri leo asubuhi. Kabla ya kwenda kituoni alipita hapa kwangu Laini Saba, akaomba nguo yangu moja, ile ninayoivaa zaidi. Akasema mgomba hauzikwi uchi.

Nikachukua gauni la kijani. Nilitaka nilifue kwanza, angalau kwapani. Akakataa, akasema libaki na jasho langu. Alilikunja mwenyewe polepole, akalilaza chini ya mkoba, akapanga juu yake mikate na sukari ninayompelekea mama.

 Kituoni alinishika mkono mpaka kondakta akamwita. Basi lilipoondoka hakugeuka kunitazama, alikuwa ameupakata mkoba kwa mikono yote miwili.