Viti Vitano vya Pikapu ya Mwalimu

Jumapili, baada ya alasiri. Mokowe.

Joto la leo halina adabu. Upepo umegoma tangu adhuhuri, bati la karakana linalia juu ya kichwa changu, na mimi nimeketi kwenye benchi la kazi na simu mkononi, kabureta ya watu imefunguliwa mbele yangu ili watoto wadhani nina shughuli. Sina shughuli. Moyo haujatulia tangu jana na naandika ili utulie.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni fundi wa mashine za boti. Nimezaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, nikahamia huku bara miaka kumi na miwili sasa, kwa sababu barabara inaanzia hapa na boti zinaishia hapa. Kazi ipo, alhamdulillahi. Kinachonitesa ni kuzitoa boti ufukweni hadi karakanani. Tela ninalo, nililiunga mwenyewe kwa vyuma vya hapa na pale. Gari la kulivuta ndilo sina. Kila boti ya faiba ikija na ufa, nakodi trekta la mtu, na mwenye trekta huja siku anayojisikia.

Ndipo likaja wazo la pikapu. Moja tu, ifanye mambo mawili: ivute tela, na ibebe familia.

Wiki iliyopita niliomba ushauri hapa, mkanijaa. Mmoja akanieleza kwamba boti ya futi kumi na nane juu ya tela si mzigo wa kuishinda injini ya dizeli, ila uzito uegemee mbele kidogo ya ekseli ya tela, la sivyo tela litapepesuka na kuliyumbisha gari lote. Mwingine akasema nilale chini ya chesisi nitazame kutu, maana magari ya huku yanaliwa na chumvi huku rangi ya juu inang'aa. Wa tatu akanionya kuhusu klachi, kwamba kupandisha boti kutoka majini ndiko kunakoiunguza. Nawashukuru nyote. Niliyafuata.

Chaguo zilibaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara wa hapa Mokowe: milango miwili, bodi ndefu nyuma, springi ngumu, imezoea kubeba saruji. Hiyo ingevuta hata nyumba. Ya pili ilikuwa ya Mwalimu Mutua wa Hindi, mji wa jirani, mtu wa Ukambani aliyestaafu na anajiandaa kurudi kwao. Hiyo ni dabo kebini, milango minne, dizeli, gia za mkono, na chuma cha kuvutia tela tayari kimefungwa. Kwa kazi yangu, ile ya kwanza ilikuwa bora. Nikaamua kuiacha.

Nilijiona mkarimu sana. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba mimi nimetanguliza familia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaiona picha kichwani. Mimi kwenye usukani, Mwanaidi, mke wangu, kando yangu, watoto wamepangwa nyuma, tunateremka polepole kuelekea gatini kama familia za maofisa wa serikali. Mtu akipunga mkono nami napunga kidogo tu, nisionekane nimezidiwa na furaha. Mtanicheka, lakini mtu aliyekulia kisiwa ambako gari lilikuwa habari ya kusimuliwa ana haki ya kuota.

Jana basi tukaenda Hindi, mimi na Mwanaidi. Mwalimu alitupokea kwa chai ya maziwa na mkate. Alikuwa ameipangusa pikapu mpaka matairi. Nililala chini yake, nikagonga chesisi huku na huku kwa spana, nikasikia chuma kizima. Nikainuka na mchanga mgongoni, nimeshairidhia.

Mwalimu akauliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa fundi, kwani kwa nyumba muko watu wangapi?"

"Watano," nikamjibu hapo hapo. "Mimi, mama yao, Athmani, Khadija na Shee mdogo."

"Basi hii ni yenu. Viti vitano, watu watano. Hakuna wa kubaki."

Tuna watoto wanne.

Rukia ndiye wa tatu. Ana miaka kumi. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, akachelewa kulia, na tangu hapo mwili wake haumtii. Hatembei, haketi bila kushikwa, hasemi maneno, ingawa mama yake humwelewa kama anavyotuelewa sisi wengine, na pengine zaidi. Mchana hulala kwenye godoro lake sebuleni, karibu na mlango, penye hewa. Mimi ndiye ninayemlisha uji kila asubuhi kabla sijafungua karakana. Akishiba hunishika kidole gumba na kukikamata kwa nguvu, na mimi huchelewa kazini kwa makusudi.

Nasema haya ili msidhani simpendi. Nampenda. Ndiyo maana sijui jana nilitoa wapi ile namba.

Mwanaidi hakunisahihisha mbele ya Mwalimu. Aliweka kikombe chini tu. Njia nzima ya kurudi kwa matatu alitazama nje, nami nikajidai namzungumzia klachi. Tulipofika alimgeuza Rukia, akambadilisha nguo, akamfuta uso, kisha akasema bila kunigeukia, "Baba Athmani, mwalimu amekuuliza watu, nawe ukanena watano. Ni yupi umemwata ndiani?"

Nikamwambia sijamwacha mtu njiani, nimehesabu wanaoketi.

"Hakukuuliza wanaoketi," akasema. "Amekuuliza watu."

Hakuinua sauti. Afadhali angeinua.

Nilitoka nje nikaketi hapa hapa nilipo sasa, nikafungua simu nisome ushauri wenu nipate pa kujificha. Na juu kabisa, kabla ya maneno yenu, nikayaona yangu mwenyewe ya wiki iliyopita: natafuta pikapu ya familia ya watu watano. Nimeyaandika kwa kidole changu, nikayasoma mara mbili kutafuta makosa ya herufi, nikawarushia. Sikuteleza ulimi kwa Mwalimu. Nilikuwa nimeshazoea.

Sijayafuta. Yabaki hapo.

Kuna jambo limenizunguka kichwani tangu jana. Katika boti zetu hakuna viti vya kuhesabu. Mtu akipakia abiria, wa kwanza kupangwa ni yule asiyeweza kujishikilia: mgonjwa, mzee, mja mzito. Huwekwa chini, nyuma kidogo ya katikati, mahali ambapo boti haipigi sana, kisha wazima wanajibana pembeni yake wanavyojua wao. Hakuna anayefundishwa. Mimi nimempakia Rukia hivyo mara nyingi sana na sijawahi kumsahau baharini hata siku moja. Imetosha kuoneshwa viti vyenye mikanda, nikaanza kuhesabu mikanda badala ya watu.

Asubuhi nikampigia Mwalimu. Nikamwambia, Mwalimu, jana nimekudanganya na sikujua kuwa nakudanganya, nina binti mwingine, hawezi kuketi. Kisha akasema, "Nikitoka kanisani nakuja na gari. Tutaona."

Akaja kweli, tai bado shingoni. Kwanza tulifunga tela, tukaenda ufukweni kuchukua boti ya faiba iliyokuwa ikinisubiri tangu Jumatano. Boti tuliisogeza mbele, uzito ukaegemea pale mlipoagiza. Pikapu ikaipandisha kwa gia ya kwanza bila kelele na bila harufu ya klachi. Wiki iliyopita hilo tu lingetosha kunirusha juu. Leo nililitazama kama mtu anayetazama mtihani wa mwanafunzi mwingine.

Kisha tukafungua tela, Mwalimu akanipa ufunguo na kuketi kwenye kivuli cha karakana. "Huyo binti tutamuweka wapi, fundi? Viti si vimeisha?"

"Tunaanza na yeye," nikamwambia.

Nikamtoa Rukia ndani mikononi. Amekuwa mzito, mgongo wangu uliniambia kabla ya mizani yoyote. Nikamlaza kwenye kiti cha nyuma, maana pale ni katikati ya magurudumu na gari halimrushi mtu, na urefu wake ukatosha kwa kumkunja magoti kidogo. Mwanaidi akaingia upande wa pili, akampakata kichwa. Khadija akakaa mbele na Shee mapajani. Athmani, miaka kumi na mitano, aliangalia viti, akamwangalia dada yake, akarukia nyuma kwenye bodi. Najua sheria ya barabara inasemaje, na safari ya mbali nitaenda mara mbili au atapanda boda. Lakini hakuna aliyemwambia apishe. Nililiona hilo, nikawasha gari.

Mlango ulipofungwa Rukia alikakamaa, ngumi zimefungwa. Gari likaanza kwenda. Mwanaidi akawa anamsemesha, akamteremshia kioo apate hewa, na taratibu ile sauti yake ya raha ikaanza kutoka, ndefu, ya juu. Tulikuwa tumeshaingia barabara ya gatini na watu ni wengi, Jumapili.

Mimi nikabonyeza kitufe cha kwangu, kioo cha nyuma kikapanda.

"Vumbi," nikasema.

"Hapa ni lami," akasema Mwanaidi.

Alinitazama kwenye kioo cha kati. Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na saba na sikuweza kuyakabili macho yake. Maana alijua, na mimi nikajua kuwa siku zote alijua. Kila mwezi Rukia anapelekwa kufanyishwa mazoezi hospitalini ng'ambo, kisiwani Amu, na kila mwezi mimi ndiye ninayesema twende na boti ya saa kumi na mbili asubuhi, maji yametulia. Saa tatu pia maji huwa yametulia. Tofauti ni kwamba alfajiri gati halina watu.

Haya, nimeandika. Miaka kumi nimemvusha mwanangu kabla watu hawajaamka, nikaita hivyo kumhurumia.

Nikabonyeza tena, kioo kikateremka. Nikasimamisha gari kwa Bi Amina muuza viazi, ambaye ananilisha karibu kila mchana na anajua mpaka mashine ipi ya nani imenishinda. Alikuja kunipongeza kwa gari, akachungulia nyuma, akasita. "Na huyu?"

"Rukia," nikasema. "Mwanangu."

Nilijitayarisha kwa pole. Nimeisikia pole hiyo mara chache na naijua inavyochoma. Bi Amina hakunipa pole. Aliingiza mkono dirishani akamshika Rukia shavu, na Rukia akaikamata bangili yake akakataa kuiachia. Wakavutana. Shee akacheka, Khadija akacheka, Bi Amina mwenyewe akacheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akanigeukia mimi, kicheko kimekatika. "Miaka yote hini nakuuzia viazi, una mwana mzuri hivi wamfita? Kwani ameiba?"

Nimejaribu kusema sikumficha, nilikuwa namlinda na macho ya watu, lakini aliyekuwa akilindwa ni fundi, asije akaulizwa.

Bangili ilibaki kwa Rukia. Bi Amina aliivua akamwachia, akasema atakuja kuichukua siku moja nyumbani, na apikiwe chai.

Pikapu nimeichukua. Kwa Mwalimu nilisema maneno machache tu, tukapeana mikono, karatasi tutazimaliza ndani ya wiki. Msomaji atakayeniuliza kama ni gari la familia nitamjibu kwamba viti havitoshi na kila safari tutakuwa tunajibana. Kiti cha nyuma kina mwenyewe. Sisi wengine tutajuana.

Kesho ni siku ya mazoezi ya Rukia. Sasa hivi Mwanaidi amechungulia kutoka dirishani, mkoba wa hospitali mkononi, akaniuliza tutaondoka saa ngapi. Ameuliza kwa mazoea tu, alikuwa ameshaanza kugeuka.

Nikamwambia boti ya saa tatu.

Akasimama. Kisha akauweka mkoba dirishani, akatoweka. Namsikia anafungua sanduku la nguo. Anamwita Khadija amsaidie kulitafuta lile gauni la Rukia la Idi.